Ukingo wa Madigadi

Mdogo wangu aliliingiza gari gereji likinuka mpira ulioungua, akazima injini, akashuka akitabasamu. Lile tabasamu ndilo lililoniudhi kwanza. Kitindamimba wetu anaamini tangu utotoni kwamba ukiwahi kutabasamu, hakuna wa kukugombeza. Mama alimlea hivyo, na hasara naila mimi.

Gari lilikuwa limeshushwa. Alikuwa amekata springi za mbele na za nyuma, akavalisha rimu pana zilizochomoza nje kama masikio. Tumbo la gari lilikuwa chini kiasi kwamba paka wa gereji, aliyezoea kulala uvunguni mwake, alisimama, akalitazama, akaenda zake. Nilichuchumaa kwenye tairi la nyuma la kushoto. Ubavu wake ulikuwa umechanjwa mviringo mzima, na nyuzi zilikuwa zimeanza kuchungulia.

Kila madigadi ina ukingo wa bati uliokunjwa kuelekea ndani, juu ya tairi, upana wa kidole. Gari likiwa na kimo chake, ukingo huo haumsumbui mtu. Likishushwa, kila tuta na kila abiria wa nyuma huukutanisha na tairi, na bati hukata mpira bila huruma. Dawa ni mbili. Unarudisha springi nzima, gari linainuka, kesi imekwisha. Au unaulaza ukingo: unaupasha moto, unafunga mkono wa chuma wenye gurudumu pale tairi lilipotoka, kisha unalisukuma bati taratibu mpaka lilale kwa ndani. Kazi hiyo naijua vizuri, maana wapenzi wote wa magari mafupi wa mtaa huu huja kwangu. Hatari yake ni rangi. Isipopata joto la kutosha hupasuka kwenye kona ya bati, na ikizidishiwa joto hututumka.

"Nilazie tu, dada," alisema. "Zote nne. Mkono unao wewe."

Nilimwambia rangi ile haiguswi, arudishe springi. Akacheka. Akasema gari likiinuliwa litaonekana limevaa suruali ya kuazima. Nikampa vidonge vyake, mbele ya wateja wawili waliojifanya wanatazama simu.

Nieleze hasira yangu ilitoka wapi, msije mkadhani nina kichaa cha bati. Baba yetu alikuwa mpiga rangi. Gereji hii ni yake. Macho yake yaliliwa na presha ya macho, polepole, kutoka pembeni kuja katikati, mpaka akawa anatazama dunia kama mtu anayechungulia tundu la kitasa. Akiwa amebakiwa na lile tundu, alilipiga rangi gari lake mwenyewe. Halikuwa jeusi, wala kijani, wala zambarau. Ukisimama hapa linakuwa hivi, ukihama hatua moja linageuka. Mama aliliita shingo ya njiwa, na jina likashika mtaa mzima. Baada ya gari hilo tundu nalo likaziba, na Baba hakushika tena bunduki ya rangi. Mimi alinipa gereji, gari akampa kitindamimba.

Rangi ile hakuna anayeweza kuichanganya tena. Baba alichanganya rangi peke yake, katika chumba kidogo nyuma ya gereji, mlango umefungwa kwa ndani. Alinifundisha nyundo, alinifundisha kuvuta bati, kupiga msasa, kupaka praima ya chini. Ikifika rangi, mlango unafungwa. Nilikua nikiusikiliza mlango ule. Alitoka na kopo limejaa na hakuna aliyethubutu kuuliza. Wateja waliniita Nyundo, wakidhani wananisifu, na mimi kila nikiitwa hivyo nilikumbuka kile ambacho sikupewa.

Kwa hiyo mdogo wangu aliposema kwamba nikikataa ataweka bomba kati ya tairi na madigadi, ausukume ukingo mwenyewe kama wanavyofanya wahuni wa barabarani, nilichomoa ufunguo wa gari nikautia mfukoni mwa ovaroli.

"Gari ni langu," alisema.

"Rangi si yako," nikamjibu.

Ugomvi ukahamia nyumbani, maana nyumba na gereji vinatenganishwa na ua tu. Mama alikuwa amepakua chakula cha mchana. Tulikaa, mimi upande huu, yeye upande ule, Baba katikati yetu na kijiko chake, na tukaendelea kutupiana maneno juu ya kichwa chake. Nilisema yule aliyekata springi amekanyaga kazi ya mwisho ya macho ya Baba. Yeye akasema mimi nataka gari liwe sanamu, watu waje kulia mbele yake. Mama akajaribu lile la hasira hasara. Nikamwambia hasara ameileta mwanawe kwa msumeno. Nikasema pia, nami nilijisikia nikisema, kwamba Baba asingekubali kamwe.

Baba akaweka kijiko chini.

"Mimi sijafa," alisema.

Akageuza uso kuelekea sauti yangu ilikotoka, akaniuliza tairi la nyuma kushoto limekatika kiasi gani. Nikamuuliza amejuaje kuwa ni la kushoto. Akasema kila akipelekwa kliniki hukaa nyuma kushoto, na kila tuta husikia bati likitafuna mpira chini ya makalio yake. Harufu anaijua tangu wiki iliyopita.

Hapo hasira yangu ilipanda. Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa amempakia baba asiyeona juu ya tairi lililobakiza nyuzi, akampeleka hospitali na kumrudisha, na muziki juu. Na yeye, nitamtendea haki, safari hii hakutabasamu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hakujua limefikia hapo.

"Basi arudishe springi," nikasema. "Leo hii."

"Tutalaza," Baba akasema. "Gari nilimpa. Nikimpa mtu kitu, simfuati nyuma kumwambia akitumieje. Na joto nitalipima mimi."

Nilitaka kugonga meza. Kitindamimba kapewa gari na ruhusa ya kuliharibu, na mimi niliyebaki gerejini na vumbi la pati iliyopigwa msasa puani nimeambiwa nishike mashine. Nilisema hivyo, kwa maneno makali kuliko haya. Baba alinyanyuka, akaweka mkono begani kwa Mama, na wakatangulia kuvuka ua.

Nilipandisha gari kwa jeki, nikatoa tairi lile bovu, nikaufunga mkono wa chuma kwenye nati zake. Mdogo wangu alishika mashine ya kupuliza joto, kwa sababu nilimwamuru, na nilimwambia akiisimamisha sehemu moja nitampuliza yeye. Akaanza kuipitisha juu ya ukingo, kwenda na kurudi. Baba alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, kifundo cha mkono wa kulia karibu na bati. Hivyo ndivyo alivyopima joto maisha yake yote. Aligusisha ngozi ya ndani ya kifundo, akaiondoa, akagusisha tena. Sijawahi kumwona akikosea. Wenzake walinunua vipimo vya joto, yeye akawatania kwamba wamesahau mikono nyumbani.

Nami nilikuwa na kifundo changu. Nilikiweka upande wa pili wa ukingo. Bati lilikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa.

"Sasa," Baba akasema.

Nikamwambia bado. Akarudia, sauti ile ile, sasa. Nikajiambia huenda upande wake umeshika moto zaidi. Nikajiambia yeye ndiye Baba. Mkono wangu umemtii mtu huyo tangu sijajua kuandika jina langu, na hata nikiwa na hasira, mkono hautaki kujua habari za hasira. Nilivuta mpini wa mkono wa chuma, gurudumu likabana, bati likaanza kulala.

Rangi ikalia. Kidogo tu, kama ganda la yai chini ya kijiko. Ufa ulifunguka kwenye kona ya bati ukakimbia mbele ya gurudumu, na vipande vya shingo ya njiwa vikadondoka sakafuni, vikionyesha praima ya kijivu ambayo niliipiga mimi mwenyewe miaka ile.

Mdogo wangu alizima mashine. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Imepasuka?" Baba akauliza.

"Hapana, Baba," mdogo wangu akajibu haraka. "Iko safi kabisa."

Mama alinitazama. Alikuwa ananiomba, na nilielewa anachoomba. Ingekuwa rahisi. Baba asingeona, na sisi tungebaki na uongo wetu mzuri, tukiulinda kama tulivyoilinda rangi. Lakini nilikuwa na hasira mno kusema uongo.

"Imepasuka," nikasema. "Urefu wa kiganja, na vipande vimedondoka."

Nilishika kidole cha Baba nikakipeleka kwenye ufa. Alikipitisha polepole, mwanzo hadi mwisho, akarudia. Nilingoja uso wake uvunjike. Haukuvunjika. Alikuwa ametulia mno kwa mtu aliyepoteza kitu, na utulivu ule ndio ulionifumbua macho.

"Halikuwa limepata moto," nikamwambia. "Na ulijua."

Mdogo wangu akageuka kumtazama.

"Nilijua," Baba akasema.

"Umepasua kazi yako makusudi."

"Nimepasua. Ingebaki nzima, mngekaa mnaigombania mpaka siku yangu. Mnanigawana, nami nimekaa hapo nasikia."

Nilisimama. Nilikuwa na spana mkononi na sikujua niiweke wapi. Nilimwambia hana haki. Nilimwambia nimepigana na damu yangu kwa ajili ya rangi ile, kwa sababu ndiyo alama pekee ya macho yake niliyobaki nayo, kwa kuwa mwenyewe alikataa kuniachia nyingine. Nikataja mlango. Sikuwahi kuutaja. Nikamwuliza ni mwizi gani alimwogopa humu ndani, mke wake au binti yake.

Mama akasema jina langu, lile la nyumbani. Baba akainua mkono kumzuia.

"Nilidhani nikikuonyesha, sitabaki na kitu," alisema. "Watu wangekuja kwako. Kisha macho yakaondoka, na sikubaki na kitu hata hivyo. Nikaona aibu kuanza kukuonyesha."

Nilitaka jibu hilo linitoshe. Halikunitosha. Nilimwambia hivyo pia, na yeye akaitikia kwa kichwa, kama fundi anayeambiwa kasoro anayoijua.

Akaingiza vidole ndani ya ukosi wa shati, akatoa kamba nyeusi niliyoijua tangu utotoni, na ufunguo ukining'inia. Alikuwa amelala nao miaka yote hii, kipofu, akilinda chumba asichoweza kukitumia. Nilikasirika upya. Akanyoosha mkono hewani, upande si wangu hasa, akangoja. Niliuchukua ufunguo.

Nilimwamuru mdogo wangu arudishe springi nzima, za mbele na za nyuma, kabla hajagusa kitu kingine, gari likae na urefu wake mpaka ukingo upigwe rangi, na kwamba Baba hatapanda tena humo mpaka nikague tairi zote kwa mkono wangu. Akasema sawa. Hakuongeza neno kuhusu suruali ya kuazima. Nilimwona akipiga magoti, akiokota vile vipande vya rangi kimoja kimoja na kuviweka kwenye leso yake.

Kitasa cha chumba kile kilikuwa kimeshika kutu na ilibidi nisukume kwa bega. Ndani palinuka tina ya kuchanganyia rangi iliyokauka na vumbi. Makopo yalipangwa mpaka darini, hayana karatasi, hayana alama, kila moja limefunikwa kwa nailoni na kufungwa uzi. Yeye aliyajua kwa mahali pake. Alisimama katikati, akagusa rafu kwa vidole, akahesabu chini chini, akateremsha kopo, akanipa.

"Fungua. Niambie unaona nini."

Nilifungua kwa bisibisi. Juu palikuwa na utando, nikauchana.

"Bluu."

"Bluu gani?"

Nilitazama. Nilidhani nina jibu. Nilisogeza kopo kwenye mwanga, nikaliinamisha, nikagundua kwamba miaka yote nimekuwa nikitazama rangi bila kuulizwa swali hilo.

"Sijui bado," nikasema, na sauti yangu ilikuwa na ukali ule ule.

"Basi tuna kazi," Baba akasema.

Nilijinyoosha nikausukuma mlango kwa mguu ili vumbi la gereji lisiingie, na pia kwa sababu ndivyo ulivyokuwa siku zote. Kabla haujafika kwenye fremu alisikia bawaba, akageuza kichwa.

"Acha wazi," alisema.