Viti Viwili Juu ya Magugu

Mwaka wa 1997 magugu maji yaliziba ufuo wa Kisumu hadi ungedhani mtu amepanda nyasi ziwani. Wavuvi walilaani. Nelima yeye aliona bustani.

Alikuwa na studio ndogo ya picha huko Nyamasaria, yenye pazia moja tu lililochorwa maporomoko ya maji na simba aliyefanana na mbuzi. Wateja walikuwa wamemchoka yule simba. Kwa hiyo Nelima alianza kuwapeleka ziwani, akawapiga picha wakiwa wameshika jua kwa vidole viwili, au mume akiwa amesimama kwenye kiganja cha mkewe. Watu walizipenda. Zikawa zinatundikwa sebuleni karibu na kalenda.

Ndivyo Mwalimu Joram Obiero alivyomsikia. Mwalimu alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Mke wake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na sasa alikuwa anamwoa Rosa Nabwire, mjane aliyeuza vitambaa soko la Kombewa. Alitaka picha ya kuweka kwenye kadi ya mwaliko.

"Nisisimame kando ya maua," alisema. "Kila mtu amesimama kando ya maua."

Nelima alimweleza alichokuwa akikifikiria siku nyingi. Angechukua mashua ya mvuvi, aiingize kwenye magugu, aifunike kwa magugu mengine hadi isionekane, kisha aweke juu yake viti viwili na meza. Kwenye picha wangeonekana wameketi bustanini, katikati ya ziwa.

Mwalimu alifikiri kidogo. "Hilo sijaliona popote," alisema.

Jumamosi walifika saa tatu asubuhi. Mwalimu alivaa suti ya kahawia, Rosa gauni jeupe la kuazima. Alikuwepo pia Dorca, binti wa Mwalimu, karani huko Maseno, aliyekuja kushika mwavuli. Dorca hakuitaka hiyo ndoa na hakuficha. Tangu asubuhi alikuwa hajamwita Rosa kwa jina lolote.

Mashua ilikuwa ya Ogola, mvuvi ambaye nyavu zake zilikuwa hazijagusa maji mwezi mzima. Iliwekwa hatua kumi kutoka ufuoni, na ubao wa kupitia. Nelima alipanga viti vya plastiki, meza ndogo, maua ya karatasi, thamosi na vikombe viwili. Akachungulia kwenye kamera. Kasia lilionekana kama mguu wa tano wa meza, akaamuru litolewe. Kamba iliyofunga mashua kwenye mti ilikuwa ya bluu na iliharibu kijani chote.

"Fungua tu," Ogola alisema. "Haya magugu yanashika kuliko kamba." Nelima akaifungua.

Rosa alivuka ubao akiwa amefumba macho, kwa sababu aliogopa maji, akaketi. Mwalimu alikuwa amekwenda msalani. Nelima alitaka kupima mwanga mapema.

"Dada, hebu kaa mahali pa Mzee dakika moja," alimwambia Dorca.

Dorca alivuka, akaketi na mwavuli wake, akageuzia uso upande wa pili. Nelima alipiga picha moja. Halafu akaona ubao umeanguka majini. Bustani yote, viti, maua na wanawake wawili, ilikuwa inakwenda.

Ogola aliingia majini hadi kifuani, magugu yakamkamata miguu, akarudi akitema matope. Wavuvi wengine walijaribu kusukuma mtumbwi ukakwama kama gari kwenye tope. Watu walipiga kelele. Mwalimu alirudi kutoka msalani akifunga vifungo vya koti, akatazama ziwani.

"Huo ni upepo wa nchi kavu," alisema. "Unavuma asubuhi kuelekea ziwani. Kuanzia saa nane utageuka. Watarudi saa tisa."

"Mzee, hiyo ni hakika?" Nelima aliuliza.

"Iko kwenye silabasi ya darasa la saba."

Akaketi juu ya jiwe kungoja. Lakini Nelima aliona kwamba hakuondoa macho ziwani, na kwamba alikuwa amevua tai akaizungusha mkononi mpaka ikawa kama kamba.

Yaliyotokea kule ndani Rosa ndiye aliyeyasimulia baadaye. Jua lilipopanda, Rosa aliifungua thamosi. Ilikuwa tupu, ilikuwa ya picha.

"Huku kuna kiboko?" Rosa aliuliza.

"Wako," Dorca alisema.

Rosa alianza kuomba kwa Kisamia, lugha ya kwao, kwa sauti. Aliendelea muda mrefu. Dorca aliusogeza mwavuli ukawafunika wote wawili, pengine ili Rosa anyamaze.

"Baba yangu anakoroma," Dorca alisema.

"Najua. Hulala kanisani. Mimi hukaa nyuma yake."

Kisha Dorca, akitazama magugu, akasema kwamba kila Jumamosi kwa miaka miwili alikuwa anapanda basi kutoka Maseno kwenda kumfulia baba yake na kumpikia chakula cha wiki, na kila Jumamosi alikuta nusu hakijaguswa.

"Umechoka," Rosa alisema.

"Nimechoka sana."

"Sasa mbona hutaki nije nikusaidie?"

Dorca aling'oa jani la gugu, akalikunja.

"Ukija, mimi nitakuwa nakwenda kule kufanya nini?"

Rosa aliliwaza swali hilo. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Sokoni alijulikana kwa kupima kitambaa bila kuongeza hata inchi.

"Omena wangu huwa na mchanga," alisema. "Marehemu mume wangu alilalamika hadi siku ya mwisho. Naosha mara tatu, mchanga uko pale pale. Mwalimu anapenda omena?"

"Kuliko nyama."

"Basi utakuwa unakuja."

Dorca alimgeukia, akamtazama. "Unaosha na maji baridi?"

"Kwani ni maji gani?"

"Wuololo!" Dorca alimaka, akaanza kumweleza, hatua kwa hatua, namna hao dagaa wa ziwani wanavyochambuliwa na kuoshwa. Ilichukua muda. Upepo uligeuka wakiwa wamefika hatua ya nyanya.

Saa tisa na dakika ishirini bustani ilikaribia ufuo. Mwalimu aliomba radhi kwa zile dakika ishirini. Nelima, aliyekuwa amelia na kunyamaza mara mbili, alinyanyua kamera bila kufikiri, akapiga picha tatu, kisha akakimbilia majini kuvuta mashua pamoja na wanaume, maji yakimrukia Rosa.

"Baba, leta koti!" Dorca alipaza sauti. "Mama Rosa amelowa!"

Mwalimu alitaka kusema jambo juu ya upepo. Badala yake alimvisha Rosa koti, akamshika Dorca kichwa kama mtoto, akamwomba Ogola maji ya kunywa.

Picha ya bwana na bibi harusi haikupigwa siku hiyo. Mwanga mzuri ulikuwa umepita na hakuna aliyekubali kurudi kwenye mashua. Wiki iliyofuata Nelima alimwonyesha Mwalimu zilizotoka, akajitolea kumpiga nyingine bure, kando ya maua. Mwalimu alichukua moja: wanawake wawili kwenye viti vya plastiki katikati ya ziwa la kijani, mwavuli mmoja, mmoja akihesabu kitu kwa vidole na mwingine akisikiliza kwa makini.

"Hii," alisema.

"Lakini Mzee, wewe haumo."

"Jina langu litakuwa chini, kwenye kadi."

Kadi mia moja na hamsini zilichapishwa. Wageni wengi waliuliza bibi harusi ni yupi, na wengine walifika kanisani Kombewa wakiamini Mwalimu anaoa wawili. Mchungaji alilazimika kutoa maelezo kabla ya wimbo wa kwanza. Dorca alisimama upande wa Rosa, akishika maua. Chakula kilikuwa kingi, na omena walipikwa na Dorca.