Kijipicha Kando ya Saa

Kila asubuhi Rodah alipowasha kompyuta ya duka lao la kutaipu pale Roret, kijipicha cha kufuli kilijitokeza chini pembeni, kando ya saa. Kabla hajakitolea macho vizuri, ule mstari wote wa chini uliteremka ukajificha. Akiusukumia mausi ili urudi, ulirudi na saa peke yake. Kufuli hakuna.

"Baba Kiplimo, hii kufuli inakuja na kutoroka ni ya nini?" alimuuliza mumewe.

"Ni kitu ya stima hiyo," Johana akajibu bila kuinua macho. "Wewe taipu tu."

Ya stima! Rodah alilimeza jibu hilo lakini halikushuka. Johana ndiye aliyeinunua mashine hiyo mtumba kule Kericho mjini, ndiye aliyejifunza mambo yake, na siku hizi kila saa ya chakula alimhimiza Rodah aende nyumbani kumwangalia ng'ombe, naye akabaki nayo peke yake. Mkewe akirudi ghafla, skrini nyeupe pe. Machale yakamcheza Rodah: humo ndani kuna mwanamke. Anaandikiwa barua, na barua zimetiwa kufuli.

Kilichomchanganya ni kwamba mume huyo huyo alikuwa amegeuka mwema. Jumatatu moja, majani yao ya chai yamekataliwa kwenye kituo cha kununulia na mtoto amekesha akilia, Rodah alianza kumtaipia dada yake Chepkosgei barua: Nimechoka, dada, nimechoka mpaka mifupa. Akajionea aibu, akafuta yote bila kuprinti. Jioni ile Johana akamjazia kikombe cha mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane, akasema, "Mama Kiplimo, naona umechoka mpaka mifupa. Kesho pumzika." Rodah nusura alie. Miaka yote hii, akajiambia, kumbe huyu mtu huniona.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo akaingia Vivian, mwalimu wa kompyuta, kuchukua kadi za harusi yake. Rodah akamweleza habari za kufuli huku akicheka, asije akaonekana mke mwenye wivu. Vivian hakucheka. Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, na pakatokea orodha ya kila kitu kilichokuwa kikifanya kazi ndani ya mashine, kinachoonekana na kisichoonekana.

"Hii ya tatu si ya Windows," Vivian akasema. "Watu huificha hivi ndio usijue iko. Inashika kila kitu unataipu, hata ile umefuta. Ngoja niifungue."

Rodah akasogea, roho mkononi, tayari kulisoma jina la huyo mwanamke. Hakulikuta. Alichokuta ni maneno yake mwenyewe, ya wiki nzima. Kila palipotajwa Osoro, karani wa estate ya chai aliyekuwa akileta nyimbo za kwaya zitaipiwe, mtu alikuwa ameweka nyota. Osoro, mzee wa watu, aliyebaki na meno ya kuhesabika! Hapo Rodah angeweza hata kucheka.

Lakini chini kidogo aliikuta ile barua ya Chepkosgei: nimechoka mpaka mifupa.

Hasira ilimpanda, kisha ikageuka kitu kibaya zaidi, aibu ya mtu aliyeshukuru bure. Mambo ya Osoro yangesameheka. Kilichomuuma ni ule mursik.

"Niitoe?" Vivian akauliza taratibu.

"Wacha ikae. Rudisha vile ilikuwa imejificha."

Vivian alipokwisha kwenda na kadi zake, Rodah akafungua ukurasa mpya, akataipu polepole:

Baba Kiplimo, uliponiambia nimechoka, nilidhani umeniangalia usoni. Nimeenda kwa mama yangu kule Kiptere, na mtoto niko naye. Ukiwa na swali juu ya Osoro au juu yangu, njoo uniulize kwa mdomo, mbele ya baba yangu.

Akayasoma mara mbili. Kisha akayafuta yote, neno baada ya neno, mpaka ukurasa ukabaki mweupe, akainuka na kuiacha mashine ikiwaka. Saa ya chakula ilikuwa imekaribia, na Johana angeyakuta pale pale alipozoea kumsoma.