Kuku Chini ya Basi la Kisii

Naftaly Irungu, fundi wa nguo pale Litein, alikuwa na cherehani moja na masikio mawili, na wateja wake walisema masikio ndiyo yaliyofanya kazi zaidi. Gari likianza kupanda kilima kutoka upande wa Sotik, mguu wake uliacha kanyagio, sindano ikasimama katikati ya suruali ya mtu, naye akatangaza, "Lori la Albion. Gia ya pili. Dereva ana haraka." Tangu Hali ya Hatari itangazwe, Mkikuyu hakuweza kutoka Litein bila karatasi ya serikali, na karatasi yenyewe haikupatikana kwa kuomba mara moja. Kwa hiyo alibaki barazani, na safari zake akazifanya kwa masikio.

Mwenzake katika ugonjwa huo alikuwa Kiptanui, aliyetengeneza mashine katika kiwanda cha chai. Kila Jumanne, siku yake ya kupumzika, alikuja kukaa kwenye benchi la Irungu, wakabishana: gari gani hupanda matope bila kuteleza, gari gani hufika Kericho bila kuchemsha maji, na dereva gani angefaa kurudishwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Mwaka wa 1956, mwezi wa Aprili, likaanza kupita basi jipya, kutoka Kisii hadi Kericho kupitia Chepilat. Lilikuwa la kijani lenye mstari wa manjano, na halikuwa na pua. Injini ilikuwa imefichwa ndani kabisa, kando ya dereva, chini ya kifuniko cha bati. Dereva wake, Mokaya, alivaa kofia ya kaki na glavu nyeupe.

"Injini gani hiyo, Dereva?" Kiptanui alimwuliza siku ya kwanza.

"Mpya. Imetoka Ulaya juzi."

"Ulaya ni kubwa, bwana. Imeundwa na nani?"

"Hiyo ni siri ya kampuni," Mokaya akasema, akafunga mlango.

Siri hiyo iliwanyima raha kwa wiki tatu. Irungu alisema ni Perkins. Kiptanui alisema ni Leyland, na asiyesikia hivyo akaoshe masikio. Jambo moja tu walikubaliana: ilikuwa ya dizeli, kwa sababu iligonga kama kokoto ndani ya debe.

Aliyechoka zaidi na mabishano hayo alikuwa Tecla, mjane aliyeuza kuku, ambaye kila Jumanne alingojea basi hilohilo pale barazani akiwa na matenga yake mawili.

"Si muangalie tu?" akawaambia.

"Mokaya haturuhusu hata kugusa mlango," Irungu akasema.

"Na chini je? Kuku wangu mmoja akitoroka akaingia chini ya gari, si wazee wawili wenye roho nzuri watanisaidia kumtafuta?"

Wakatazamana. Kiptanui akaanza kutabasamu polepole, kama mtu aliyeona mwisho wa deni.

"Lakini kuku wangu hafanyi kazi bure," Tecla akaendelea. "Atakayekosea atanibebea matenga haya kutoka nyumbani mpaka hapa, kila Jumanne, mwezi mzima."

"Sawa," wakasema pamoja.

"Na mkikosea wote wawili?"

Wakacheka mpaka Irungu akatoa miwani kujifuta machozi. "Hiyo haiwezekani, mama."

"Mimi nimeuliza tu."

Jumanne iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Bilhah, mke wa Irungu, alimwona mumewe akitoka na koti kuukuu, akamwuliza anakwenda kuchimba kaburi la nani. Yeye akaelekea barazani. Basi likafika, likasimama, abiria wakashuka kununua ndizi. Tecla akafungua tenga kidogo, na kuku mwekundu akatoka, akatazama huku na huku kama mkaguzi, kisha akaingia chini ya basi taratibu.

"Uui! Kuku wangu!"

Kabla hajamaliza kupiga kelele, wale wawili walikuwa wameshalala kwenye matope.

"Nani hao chini ya gari ya kampuni?" Mokaya akafoka kutoka dirishani.

Tecla akasimama mbele ya basi, mikono kiunoni. "Gari haitoki mpaka kuku wangu apatikane! Ama umeshamkanyaga?"

Abiria nao wakaingilia. Mmoja akasema kuku yuko kushoto, mwingine akaapa amemwona akipanda juu ya tairi.

Kule chini palikuwa na utulivu. Kiptanui aliwasha tochi, akaimulika injini. Kwenye chuma kilichoishikilia palikuwa na mshono mnene uliopinda, kama kovu la mtu aliyeshonwa na daktari mlevi.

"Fundi," akanong'ona, "huu mshono ni wangu."

"Wako namna gani?"

"Niliuchomelea mwenyewe pale kiwandani, mwaka juzi. Hii ni Kifaru."

Kifaru lilikuwa basi la zamani la barabara ileile, Bedford ya petroli, ambalo watu waliambiwa limekufa na kuuzwa kama chuma chakavu Kisumu. Ndilo lililomleta Irungu Litein mwaka wa 1948, pamoja na Bilhah na cherehani iliyofungwa kwa blanketi. Irungu akasogea karibu zaidi. "Umezeeka, rafiki yangu," akasema, akaiwekea injini kiganja kwa heshima.

Injini ilikuwa imetoka kupanda kilima, bado ina moto. Ukelele wa Irungu ulisikika mpaka sokoni.

Walipotoka, matope yakiwa hadi kwenye nyusi, Mokaya alikuwa akiwangojea.

"Kuku yuko wapi?"

"Hatujampata kuku," Kiptanui akasema kwa sauti ya kutosha. "Tumempata Kifa—"

Mokaya akamziba mdomo kwa glavu nyeupe, akawavuta wote wawili nyuma ya basi. "Wazee wangu, nawaomba," akanong'ona. "Mwenye gari alitia injini ya Kifaru humu, akaniambia nikiulizwa niseme ni mpya. Abiria wakijua, nitafukuzwa kazi."

Irungu alikuwa akipuliza kiganja chake. "Sisi si watu wa maneno mengi," akasema. "Lakini kila Jumanne utatufungulia kile kifuniko. Dakika mbili. Tumsalimie tu."

Mokaya akakubali, akitazama glavu yake iliyoharibika.

Tecla alimrudisha kuku kwa kumwita mara moja tu. Alipoambiwa kwa siri, hakushangaa hata kidogo.

"Mngeniuliza," akasema. "Mimi hukaa kiti cha mbele, goti langu liko kwenye hicho kifuniko, na nikifika Kericho leso yangu yote inanuka petroli. Nyinyi mmesikia inagonga mkasema dizeli. Hata goti la mama yangu linagonga. Ni uzee."

"Ulijua!" Kiptanui akasema. "Tangu lini?"

"Njooni mapema Jumanne. Matenga ni mazito."

Mwezi mzima Litein ikawatazama fundi wa nguo na fundi wa mitambo wakishuka njia ya kati ya mashamba ya chai, kila mmoja na tenga kichwani, wakibishana kwa sauti kubwa kuliko ya kuku. Mwezi ukaisha. Lakini walikuwa wamegundua kwamba mwenye kubeba matenga huingia ndani ya basi kabla ya wengine, na dakika mbili za Mokaya huwa tatu. Hivyo hawakumkumbusha Tecla kwamba mwezi umekwisha, na Tecla, ambaye alikuwa akihesabu siku vizuri sana, naye hakuwakumbusha.