Kopo la Chumvi la Bi Mwatima

Bi Mwatima wa Makunduchi hakuwahi kumnyima mtu kitu tangu azaliwe. Ukimsifia kanga, anaivua. Ukimsifia kuku, utaondoka naye kwapani anapiga kelele. Kwa hiyo siku alipoahidi mbele ya Daktari Wakil kwamba kwa miezi mitatu hatamgawia mtu chumvi, hata chembe, alimwuliza kwanza kama jirani naye anahesabika mtu.

Sababu ilikuwa presha yake, tena ya kutisha: mia na themanini kwa mia na tano. Mwanawe Anuar, anayekaa Chukwani kwenye nyumba yenye geti na ukuta mrefu, alikuwa ameshatoa hukumu.

"Mama, miezi mitatu. Ikishuka, bakia kwako. Isiposhuka, nnakuja na gari nnakuchukua."

Alisema kwa mapenzi, hilo tusimnyime. Lakini Bi Mwatima alishawahi kukaa Chukwani siku nne, na kwa siku zote nne hakupiga hodi mtu wala paka. Alirudi Makunduchi na homa. Kuhamia huko kwake kulikuwa sawa na kuzikwa kabla ya siku yake.

Ndipo akajiunga na utafiti. Daktari Wakil, aliyetoka ofisi ya watafiti ya Shangani, mjini, na viatu visivyojua mchanga, alitaka kujua kama wagonjwa wa presha wakipikia chumvi iliyopunguzwa ukali watapata nafuu. Nyumba arubaini kusini ya Unguja zilipewa makopo meupe yanayofanana. Nusu yalikuwa na chumvi ya kawaida, nusu ile pungufu, na hakuna aliyejua lake lipi, hata Radhiya, muuguzi aliyezunguka na vipimo. Masharti yalikuwa mawili: chumvi ya kopo isitoke nyumbani, na chumvi nyengine isiingie.

Radhiya akajaza fomu. "Bi Mwatima, hapa mnakula pamoja watu wangapi?"

"Mmoja," alijibu. Mume alishafariki, watoto wote wana kwao. Radhiya akaandika moja, na kosa lote likaanzia hapo.

Siku ya pili, Amne, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuja na kisahani. "Hodi! Shoga, nnaomba chumvi. Samaki yuko jikoni."

Bi Mwatima alisimama mlangoni, kopo likiwa nyuma yake juu ya meza. Angesemaje? Kumwambia jirani "ninayo lakini sikupi" ni tusi ambalo hata wake wenza hawatukanani. Akaona heri uongo.

"Imenishia, shoga."

Amne alimtazama kama aliyeambiwa bahari imekauka. Kesho yake akaja Saadiya. Imekwisha. Keshokutwa Mwanakheir. Imekwisha pia. Siku ya nne mtaa mzima ulikuwa na habari moja: Bi Mwatima hana hata chumvi, watoto wamemtupa, na mwenyewe ana haya ya kusema.

Kama wangemnunia angestahimili. Walimwonea huruma, na huruma ya Makunduchi huja ndani ya bakuli. Amne alileta pweza wa nazi. Saadiya akaleta ng'onda, papa mkavu mwenye chumvi ya kumliza mtu. Mwanakheir akaleta achari ya maembe, chupa nzima. Na kwa kuwa waliamini ana kiu ya chumvi, kila mmoja alizidisha kidogo kwa ajili yake.

Chumvi ya kwenye mchuzi wa jirani ilikuwa imeingia nyumbani au haikuingia? Bi Mwatima alijiuliza hilo mara moja, akiwa na kipande cha pweza mdomoni, kisha akaamua kuwa daktari alikusudia chumvi ya kwenye paketi. Kurejesha chakula cha jirani hakuwezekani. Na sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo aliijaza mapapai, ndimu, mayai, chochote alichokuwa nacho. Majirani wakatokwa na machozi: dhiki yote hiyo, na bado anarejesha sahani na kitu! Wakapika zaidi.

Akaona dawa ni kukimbia. Kila siku baada ya sala ya alasiri alijifunga kanga, akashuka mbio mbio hadi pwani, akazunguka kwa njia ndefu ya mashambani, akarudi magharibi akihema. Mtu asiyekuwepo halishwi, alijiambia. Akirudi, alikuta mabakuli matatu kizingitini, yamefunikwa kawa vizuri kabisa.

Karibu na mwisho wa ile miezi mitatu Radhiya alimletea dumu la lita tano. Mkojo wote wa siku nzima utiwe humo, maana chumvi anayokula mtu huonekana huko. Bi Mwatima alilificha dumu nyuma ya mlango, lakini Saadiya ana macho ya kunguru.

"Ah, ukwaju huo! Hebu nionje."

"Usiguse!" Bi Mwatima aliruka na kulikumbatia dumu. "Haujawa bado!"

Saadiya alikwenda kutangaza kuwa sasa hata juisi Bi Mwatima anaiogopea. Jioni ile yalikuja mabakuli matano.

Siku ya majibu, Radhiya na Daktari Wakil walikuja nyumbani kwake, na Anuar naye alifika na gari, ameshakunja viti vya nyuma ili sanduku la mama lienee. Bi Mwatima aliliona gari, akanyoosha mkono kwa Radhiya huku akimsomea Mungu kila dua aliyoijua.

"Mia na thelathini na sita kwa themanini na mbili," alisema Radhiya. Akapima tena. Akapima mkono wa pili. Ilikuwa ile ile.

Daktari Wakil alikuwa akisoma karatasi ya mkojo, na uso ulimbadilika. "Bibi huyu amekula chumvi kuliko mtu yeyote katika nyumba zote arubaini. Karibu mara mbili!" Akavua miwani. "Chumvi juu, presha chini. Hili ni jambo jipya. Hili litaandikwa."

Bi Mwatima alimwona akishika kalamu. Angenyamaza tu, angebaki kwake, gari lingeondoka tupu. Lakini alimfikiria Amne, mtu ambaye tayari hutia chumvi hata kwenye embe bivu. Amne akisikia daktari ameandika chumvi ni dawa, atakuwa wa kwanza kutii na wa kwanza kuzikwa.

"Usiandike, mwanangu," alisema. Akafungua kabati, na mabakuli ya watu, yale aliyokosa cha kuyarudishia, yakaonekana hadi juu, mengine yakimwangukia. Akasema yote: uongo, pweza, ng'onda, na mbio za kila alasiri.

Kalamu ilirudi mfukoni. "Basi, bibi, umetoka kwenye utafiti."

"Hadi pwani na kurudi, kila siku?" aliuliza Radhiya, akijizuia kucheka. "Huenda ni hiyo miguu ndiyo iliyokutibu."

"Hata Chukwani kuna njia za kutembea, Mama," alisema Anuar, bila nguvu.

"Chukwani nitamkimbia nani?"

Anuar aliyatazama mabakuli, akatoka nje kuvirudisha viti vya gari mahali pake.

Kwa kuwa bibi alishatolewa, Daktari Wakil alikuwa huru kumtazamia namba ya kopo lake. Akatazama, akakohoa. "Lako, bibi, lilikuwa la kawaida. Chumvi hii hii ya dukani."

Miezi mitatu! Miezi mitatu ya kuitwa fukara kwa ajili ya chumvi ya duka la kona! Bi Mwatima alifungua mdomo amwambie daktari maneno ambayo mwanamke aliyetawadha hasemi, lakini mlangoni kukasikika hodi. Alikuwa Amne na bakuli jengine.

Bi Mwatima akalichukua kopo jeupe na kumpa lote. "Chukua, shoga yangu. Nisamehe."

Amne alichovya kidole, akaonja. Akatoka mbio hadi katikati ya njia. "Jamani! Bi Mwatima kapata chumvi!"

Vigelegele vikaanza kwa Saadiya, vikapokewa kwa Mwanakheir, vikaenda mlango kwa mlango hadi vikatoka nje ya mtaa.

Radhiya alitoa ile fomu ya mwanzo, akaikata ile moja. "Hebu niambie tena, Bi Mwatima. Hapa mnakula pamoja watu wangapi?"

Bi Mwatima alianza kuhesabu kwa vidole. Alipofika kumi, akaushika mkono wa Anuar, aliyekwisharudi ndani, na kuendelea na vidole vyake.