Mikebe ya Jumapili

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, saa saba na dakika kumi mchana, Kasiva aliketi kwenye meza ya jikoni kwake Kibarani, mjini Kilifi, akipanga chakula cha usiku cha siku tano. Aliandika kwa penseli kwenye daftari la mistari. Jumatatu: sima, mchicha na mnavu wa nazi. Jumanne: maharagwe na chapati. Jumatano: changu wa kukaanga na wali. Alhamisi: mbaazi za nazi na wali utakaobaki. Ijumaa aliandika jina tu, Shekha, kwa sababu kila Ijumaa alinunua viazi karai, vile vya kuchovya kwenye unga na kukaanga, kwa jirani yake Bi Shekha, mzaliwa wa Takaungu, na jiko lake mwenyewe likapumzika.

Kasiva alikuwa mfuaji wa mashuka katika hoteli moja upande wa Bofa. Karatasi ya kazi ilisema wafuaji hutoka saa kumi na moja jioni. Walitoka saa kumi na mbili na nusu, kwa kuwa mashuka ya wageni hayawezi kulazwa kambani, na mashuka ya wageni hayaishi. Mumewe, Chengo, alikuwa fundi wa vigae, na mwaka ule kazi ilikuwa Junju, kwenye nyumba mpya zinazoota huko kila mwezi. Purity, binti yao wa miaka kumi na minne, alirudi kutoka shuleni wakati wa magharibi. Mdogo wake Hannah, wa miaka saba, alishinda kwa Bi Shekha mpaka mtu amfuate. Kasiva alipofungua mlango saa moja na robo wote walikuwa wamefika, wote wana njaa, na wote walikuwa na swali moja. Jibu lilikuwa ndani ya daftari.

Alikuwa hodari kweli. Maharagwe aliyaroweka Jumamosi, akayachemsha yote Jumapili na kuyagawa. Nazi alizikuna nane kwa mpigo, tui zito akaligandisha katika trei za barafu, ili Jumatatu atupe vipande vitatu tu ndani ya mboga. Vitunguu vya wiki nzima alivikaanga mara moja mpaka vikawa rangi ya kahawia. Chapati alizisukuma, akazipiga moto nusu, akazipanga na karatasi katikati zisishikane. Samaki aliwapaka ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, akawafunga wawili wawili. Kila kitu kiliingia kwenye mikebe ya aiskrimu iliyooshwa, na kila mkebe ukaandikwa siku yake. Chengo, ambaye aliijua kazi safi akiiona, alisema hakuna sakafu aliyowahi kuilaza ikanyooka kama friza ya mkewe.

Jumapili hiyo Kasiva alimaliza mapema. Ilikuwa saa kumi kamili, na mkebe mmoja ulikuwa umebaki mtupu. Alikusudia kwenda kujinyoosha kwenye mkeka. Kwa uchovu alifunika ule mkebe mtupu, akautia kwenye friza ya friji pamoja na mingine, na alipotoka jikoni ikawa saa kumi na moja.

Saa ile ilikuwa imepita kwa watu wengine wote. Chengo alikuwa ametazama nusu nzima ya mpira. Hannah alikuwa amevunja ndoo. Kwa Kasiva haikupita. Alitazama saa ya ukutani, akaenda nje kuanua nguo.

Jumatano alifika saa moja na robo, giza limeshaingia. Alichukua mkebe akidhani ni vitunguu, akaufungua. Ndani yake mlikuwa na saa kumi ya Jumapili. Jua la alasiri lilitoka likaegemea ukuta wa jikoni, na pamoja nalo upepo wa saa hiyo na kwaya ya kanisa la jirani ikifanya mazoezi. Mshale wa saa ukutani ulisimama kwenye moja na robo ukangoja. Kasiva alikaanga samaki, akapika wali, akakagua hesabu za Hannah, akashona kifungo cha sare ya Purity. Jua lilipoisha ukutani ilikuwa bado saa moja na robo, na chakula kilikuwa mezani.

"Leo tumekula mapema," alisema Chengo.

"Nilikuwa na saa moja kwenye friji," alisema Kasiva.

"Vizuri," alisema Chengo, akaongeza pilipili.

Wiki iliyofuata aliweka saa mbili. Alijifunza kuwa saa ya alasiri hukaa vizuri kuliko ya asubuhi, na kuwa mkebe lazima uwe mkavu. Bi Shekha, aliyekuja kumrudisha Hannah, alikuta jua jikoni na nje nyota.

"Shikamoo, Bi Shekha. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Hii saa umeitoa wapi?"

"Ni ya Jumapili."

"Jumapili ya nani?"

"Yangu."

Bi Shekha aliitazama saa ile iliyoegemea ukuta kama mtu anayekagua kitambaa dukani. "Nzuri," alisema. "Haina hata doa. Lakini funika barabara, barafu ikiingia itaharibika."

Habari hazikukaa. Mtaani walimsifu, na sifa zilikuwa za haki. Wanawake wawili walijaribu wakashindwa. Saa zao ziliyeyuka kabla ya Jumatatu, kwa kuwa hawakuwa na mpango. Kazini, msimamizi wa wafuaji, aliyeitwa Gladys, alimwita pembeni. Gladys hakuwa mtu mbaya. Mama yake Kasiva alipolazwa, yeye ndiye aliyempa ruhusa.

"Nasikia una saa za akiba nyumbani."

"Ninazo mbili kwa wiki."

"Basi wewe huna haraka," alisema Gladys kwa moyo mweupe, na tangu siku hiyo Kasiva akawa wa mwisho kutoka, saa moja usiku.

Ikabidi ziwe saa tatu. Chengo naye, alipoona chakula hakichelewi hata mpishi akichelewa, alianza kukaa kidogo na mafundi wenzake kwenye kahawa, kwani wengi wao walikuwa hawajapata muda wa kuzungumza tangu nyumba za Junju zianze. Purity aliingia timu ya netiboli. Hannah aliomba asomewe hadithi kila usiku, akasomewa. Nyumba ilinawiri. Hakuna hata mmoja aliyeitumia vibaya saa aliyopewa. Ikawa mikebe minne.

Kufikia mwezi wa nane Jumapili ya Kasiva ilikuwa na ibada, soko na jiko, kisha ikawa Jumatatu. Hakulalamika. Mtu akimuuliza alisema wiki imepangika, na ilikuwa imepangika kweli. Hata daftari lilipendeza: alikuwa ameanza kuandika na matunda.

Jumatatu alfajiri ya wiki moja ya mwezi huo, transfoma ya mtaa ililipuka na umeme ukakatika. Kasiva alifunika friji kwa mablanketi mawili, akapanga upya wiki yote kabla ya kwenda kazini. Samaki waliliwa Jumatatu badala ya Jumatano. Jumanne aliunganisha maharagwe na mbaazi katika sufuria moja, akatia tui lote lililobaki, na chapati akazimalizia juu ya makaa. Hakuna punje iliyoharibika. Mama mwingine angetupa nusu.

Lakini saa haziungwi nazi. Jumanne, saa mbili na nusu usiku, wote wakiwa jikoni kwa ajili ya mwanga wa taa moja, vifuniko vinne vilianza kupanda vyenyewe chini ya blanketi. Mlango wa friji ukafunguka, na saa nne za Jumapili zikatoka kwa pamoja.

Siku nyingine Kasiva alipofungua mkebe aliingia ndani ya saa ile moja kwa moja na kuanza kazi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona ilikuwa na nini. Safari hii mikono yake ilikuwa kwenye chapati. Saa zile hazikupewa kazi, zikapita kama ambavyo zingepita Jumapili.

Ya kwanza ilikaa karibu na mlango. Ndani yake Kasiva alikuwa amelala kwenye mkeka, leso imemfunika miguu, mdomo wazi kidogo. Ya pili ilikuwa kando ya kabati: Bi Shekha anamsuka Kasiva, na Kasiva anacheka mpaka kichwa kinatikisika, na Bi Shekha anampiga bega kwa kitana atulie. Ya tatu ilikuwa Kasiva na Hannah wameketi barazani, Hannah anasoma kwa sauti, mama anamsikiliza bila kumenya kitu. Ya nne ilikuwa katikati ya jikoni. Kasiva alikuwa ameketi kwenye kiti.

Familia ilitazama. Ya nne ndiyo waliyoitazama zaidi.

"Mama," aliuliza Hannah, "huyu anafanya nini?"

"Hafanyi kitu," alisema Kasiva, akigeuza chapati.

"Kwa nini?"

"Ni Jumapili."

Hannah alirudi kwenye ile saa ya barazani, akasikiliza sauti yake mwenyewe ikisoma. "Hii sikuipata," alisema.

"Ulipata za usiku," alisema mama yake. "Za usiku ulizipata zote."

Chengo alikuwa amechutama mbele ya saa ya kusukwa nywele. Walikuwa wameoana miaka kumi na sita. "Mama Purity," alisema polepole, "kumbe ukicheka shavu linaingia kishimo."

"Ninacho tangu nizaliwe."

"Ni kizuri."

"Ahsante," alisema Kasiva. Alimtupia jicho mara moja yule mwanamke kitini, jicho refu kidogo kuliko linalohitajika, kisha akarudi kwenye makaa kwa kuwa chapati ilikuwa inaungua ukingoni.

Purity alisimama kati ya saa zote nne akageuza uso kwa moja, kwa nyingine, na mwisho kwa mama yake aliyekuwa kwenye makaa, ambaye alikuwa mwembamba kuliko wale wanne.

Saa nne ziliisha pamoja kwa muda wa saa moja. Giza lilirudi, taa ikaonekana tena, na wakala. Chengo alikula akiwaza. Alikuwa mtu mwema na aliguswa. Usiku ule aliosha vyombo, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kulifanya.

Umeme ulirudi Alhamisi. Ijumaa jioni tuktuk ilisimama nje, na Chengo na dereva wakateremsha friza kubwa, ile ya kifuniko cha juu, nyeupe, yenye mkwaruzo ubavuni. Mwenye nyumba mmoja wa Junju alikuwa akiiondoa, na Chengo alimlazia vigae vya mabafu mawili mpaka ikawa yake. Ilibidi kiti kimoja kitolewe sebuleni ndipo ipate nafasi.

"Hii haipotezi baridi," alisema Chengo, akihema. "Umeme unaweza kukatika siku mbili nzima. Kilichomo hakiyeyuki. Nilipoona zile saa zako zinamwagika hivi hivi, Mama Purity, iliniuma. Nikasema, haiwezekani tena."

Kasiva alipitisha kiganja kwenye kifuniko, akabonyeza mpira wa ukingoni kuona kama umekaza. Hakuna mtu aliyewahi kumletea kitu kikubwa hivyo. Machozi yalimlengalenga. "Ahsante, Baba Purity," alisema. "Umefanya jambo kubwa." Na alimaanisha.

Bi Shekha alikuja na viazi karai vya Ijumaa, akaifungua friza, akainama ndani, akainuka. "Inachukua mikebe ishirini," alisema. "Labda na zaidi."

"Baba," aliuliza Purity, "na wewe utatia ngapi?"

Chengo alicheka kwa upole na kumpapasa kichwa. "Mimi Jumapili nina mpira, mwanangu. Na mama yako ndiye anayejua kuzifunika."

Jumapili ikafika. Baada ya ibada na soko Kasiva alikuna nazi, akachemsha maharagwe, akafungua ukurasa mpya. Friza ilinguruma sebuleni kwa adabu. Saa sita mchana alikuwa amefunika mikebe saba ya chakula na miwili ya kitu kingine, na alipogeuka kuchukua wa kumi alimkuta Purity amechuchumaa kando ya friza, ameshika mkebe mtupu mkononi, ameukausha vizuri kwa pindo la gauni. Juu ya kifuniko alikuwa amebandika karatasi na kuandika kwa mwandiko mzuri: Purity, saa nane mpaka saa tisa.

"Huu wangu," alisema. "Nimeona unavyofanya. Najua."

"Saa nane si una mechi?"

"Si lazima."

Kasiva aliuchukua mkebe. Aliulowesha kwa maji karatasi ikalainika, akaikwangua kwa ukucha mpaka herufi ya mwisho. Aliukausha tena, akachota maharagwe kwa upawa, akaujaza mpaka juu pasibaki nafasi hata ya dakika moja.

"Nenda ukacheze," alisema.

Purity alisimama pale kidogo, kisha akaenda kutafuta raba zake. Kasiva alifunika mkebe, akabandika karatasi nyingine, akaandika: Jumanne.