Sipulizi

Alhamisi bodi zote sita ziliwaka. Ijumaa asubuhi haikuwaka hata moja, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Aliyezilehemu ni Hyasinta. Mwanamke wa Nachingwea huyu, alitua Kariakoo miaka ishirini na moja iliyopita kuuza mitumba, mitumba ikamchosha, akaenda kukaa chini ya fundi redio mmoja mpaka akamzidi fundi mwenyewe. Sasa alikuwa na meza yake ya kutengeneza simu dirishani, ghorofa ya kwanza, hapa Mchafukoge, juu ya duka la vifaa vya umeme la mzee Ghanshyam. Kompyuta hakuijua kivile. Lakini mpe rezista, kile kijidude cha kubana umeme, ndogo kama chembe ya mchanga, ataikalisha mahali pake huku anakusimulia habari za msiba.

Bodi zenyewe alizibuni Kalpesh, mtoto wa kaka yake mzee Ghanshyam, kijana aliyesomea uhandisi India. Zilikuwa kompyuta ndogo, kila moja upana wa kiberiti, za kukaa kwenye vyumba vya barafu kule soko la samaki la Feri na kutuma habari za baridi ofisini. Uzuri wake hazikutaka plagi, maana kule Feri chumvi inazitafuna plagi. Kebo moja ya mtandao ilibeba habari, na kebo hiyo hiyo ikaleta umeme. Hizi sita zilikuwa za majaribio. Zikikubali, zingefuata mia mbili, na hizo mia mbili Hyasinta aliahidiwa yeye.

Alhamisi walizijaribu kwa kiboksi cheusi cha kutia umeme kwenye kebo, vile vinavyouzwa kwenye meza za barabarani Kariakoo. Zikawaka, wakanywa chai. Ijumaa Kalpesh akaja na swichi yenyewe, kisanduku cha kuunganishia kebo za mtandao, ya aina itakayofungwa Feri. Akachomeka bodi ya kwanza. Kimya. Akachomeka ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, na kila aliyoichomeka shingo yake ikazidi kuwa nyekundu.

Mzee Ghanshyam alisikia akapanda ngazi. Hyasinta akampa shikamoo, mzee akaitikia marahaba bila kumtazama. Kalpesh akamweleza baba yake mdogo kwamba risasi ya kulehemia haikushika vizuri, lazima iliachia usiku ilipopoa. Mzee akasema hilo alilijua tangu mwanzo. Fundi simu ni fundi simu. Hizo mia mbili zipelekwe nje zikaunganishwe na mashine, na mama huyu arudi kwenye vioo vyake vya simu, huko hakuna anayemlaumu.

Aliyasema hayo Hyasinta yupo pale pale, kama anayezungumzia kiti.

"Zipulize zote, Mama Beno," Kalpesh akamwambia Hyasinta. "Labda tutaokoa mbili tatu."

Kupuliza kila fundi wa Kariakoo anakujua. Mteja karudi na simu analalamika, wewe hujui inaumwa nini, basi unawasha blowa, unaimwagia bodi nzima hewa ya moto mpaka risasi ilainike na kukaa upya. Ikipona, wewe fundi. Isipopona, ulijitahidi. Hyasinta alipuliza miaka saba, kisha akaacha kabisa, kwa sababu aligundua kwamba ukipuliza unafuta kila kitu. Ugonjwa ukiwa wako, huujui. Ukiwa wa mwingine, tayari umeubeba.

"Sipulizi," akasema.

Kalpesh alidhani hakusikia vizuri.

"Nikiwasha blowa nimekubali kwamba kosa ni langu, na sijakubali. Kwanza nieleze. Jana zimewaka, leo hazijawaka. Risasi gani inayoachia kwenye bodi sita usiku mmoja, kama zimepigiana simu?"

Mzee akaguna. Kalpesh, kwa hasira ya msomi anayeulizwa na asiyesoma, akaeleza haraka haraka. Kile kiboksi cha jana ni kijinga, kinammwagia umeme yeyote. Swichi hii ina akili. Kabla ya kutoa umeme inapima kwanza, inatafuta rezista ya om elfu ishirini na tano kwenye mlango wa bodi, pale kebo inapoingia. Ikiikuta, inafungua. Isipoikuta, inahesabu kwamba upande wa pili kuna kitu kisicho chake, inabana.

"Kwa hiyo leo haijafungua."

"Haijafungua, kwa sababu rezista yako haijashika."

Hyasinta akavuta mita yake ya kupimia umeme. Hakuwahi kukalisha rezista bila kuipima, na za bodi hizi alizipima zote, moja moja, kabla ya kuzilehemu. Akagusa mlango wa bodi ya kwanza, akamgeuzia Kalpesh kioo cha mita asome mwenyewe. Elfu kumi na mbili na kitu. Akagusa ya pili. Elfu kumi na mbili na kitu. Ya sita vile vile.

"Ingekuwa haijashika, mita isingesoma kitu," akasema. "Hii imeshika kupita kiasi. Ni nusu. Zipo mbili, Kalpesh. Moja hapa mlangoni, nyingine kule kwenye chipu, na zote zinashika nyaya zile zile, basi kipimo kinagawanyika mara mbili. Nimeweka kama ulivyochora. Sasa niambie, hii ya mlangoni ni ya nini, na ile ya chipu ni ya nini?"

Kalpesh akafungua kompyuta yake. Akapekua ukurasa wa kwanza wa mchoro, akaenda wa nne, akarudi wa kwanza. Alikaa hapo muda mrefu kwa mtu anayesoma mstari mmoja.

Hyasinta hakumngoja. Akashika kibano, akagusisha pasi ya kulehemia, akainyanyua ile rezista ya mlangoni kwenye bodi ya kwanza. Akachomeka kebo. Swichi ikafikiri kidogo, halafu taa ya kijani ikawaka.

"Haya, poa," Kalpesh akasema, akijifanya mtu wa haraka. "Toa na kwenye hizo tano tuendelee."

Hyasinta akaiweka pasi kwenye kishikio chake, akakunja mikono.

"Kosa la nani?"

"Mama Beno, kazi ipo mbele yetu."

"Ipo. Mzee ananitoa kazini kwa mkono mbovu. Mwambie mkono ulikuwaje."

Chini dukani mtu aliulizia bei ya nyaya. Mzee Ghanshyam hakuondoka.

"Rezista nimeichora mara mbili," Kalpesh akasema mwishowe. "Kurasa mbili tofauti. Mkono wake ni sawa, baba mdogo."

Mzee akasema amesikia, na hizo mia mbili zibaki hapa hapa. Alidhani yamekwisha.

"Na kosa langu nalisema," Hyasinta akaendelea. "Siku ya kulehemu niliziona mbili. Nikasema moyoni, msomi anajua, nikanyamaza. Sinyamazi tena. Mchoro wa hizo mia mbili naupitia kabla bodi hazijaagizwa."

"Hujui kusoma mchoro ule," Kalpesh akasema.

"Utanisomea. Nisipoelewa, hatuunganishi. Kama hutaki, ipo mashine huko nje, haitakuuliza."

Kalpesh akamtazama baba yake mdogo. Mzee akatazama ngazi. Basi kijana akavuta stuli mpaka kwenye meza ya dirishani, akageuza kompyuta, akaanza kusoma kutoka juu. Mstari wa tatu Hyasinta akamsimamisha.