Mashavu Yaliyofukuza Wageni

Usiku wa jana niliota majirani zangu wawili wanagombana uani kwangu, kila mmoja kashika shavu langu moja.

"Hili lina mkorogo," anasema Bi Tatu wa nyumba ya pili. "Mtu hawi mwekundu hivi bure."

"Mkorogo wapi! Huyu anakunywa," anajibu Mama Swaumu, mpangaji wangu. "Harufu anaificha kwa karafuu."

Mashavu yalikuwa yamebanduka usoni kama chapati. Shavu la kushoto likajitetea lenyewe. "Jamani, mimi hata togwa sijaonja."

"Nyamaza, wewe ni ushahidi," akasema Bi Tatu, akalisugua ndimu. Ndiyo dawa ya mtaani kwetu: kinachoota usoni, chochote kile, ndimu. Shavu likapiga ukunga.

Jiko la mkaa likakohoa. Lilikuwa limevaa koti jeupe, wala sikushangaa, maana ua ulikuwa umeshageuka hospitali.

"Acheni ndimu," likasema. "Hii ni rosasia, ugonjwa wa ngozi ya uso. Haiambukizi, na hata asiyekunywa huipata. Haiponi, hutulizwa tu. Mama, nilikwambia juzi: sabuni laini, dawa yako ya kupaka, na uepuke vinavyoiwasha. Jua, chai ya moto, pilipili, hasira, vicheko vya kupitiliza."

Vilivyotajwa vikasikia. Jua likavaa kandambili likaondoka. Birika likafuata bila kuaga. Pilipili zikatoka kwa foleni, pilipili mbuzi mbele. Kisha wakainuka watu wangu, wote wanaojaza sebule yangu kila alasiri, maana hasira na vicheko ni vyao.

"Bi Tatu, rudi! Hujanimalizia habari ya yule bibi harusi aliyetoroka."

"Ni habari ya moto, shoga. Itakuunguza."

Mlango ukajifunga. Niko ndani ya friji, na friji ndiyo sebule yangu, mazulia yale yale. Mashavu yamerudi mahali pake, baridi, laini, hayana hata kipele.

"Nimependeza?" nawauliza viti.

"Hatujui. Sisi tunajua makalio tu, na siku hizi hayaji."

Nikakaa. Nikakaa miaka. Hakuna aliyebisha hodi. Nikatamani hata kusengenywa.

Nikaamka, uso unawaka vilevile. Tangu nitoke kwa daktari sijamweleza mtu kitu. Wageni nawajibu dirishani kwamba kichwa kinauma, wanaondoka. Nikafungua mlango wa uani nimwage maji. Bi Tatu alikuwa kwake, kashikilia pazia la mlango.

"Shoga, njoo. Chai nimeipooza. Na mchuzi sikutia pilipili."

"Nani kakwambia?"

Akayatazama mashavu yangu, akatazama pembeni.

"Sijui. Nimeamka nayajua mambo hayo tu. Usisimame juani bwana, ingia tule."